Bunduki Iliyogoma Alfajiri

Shangazi Oleta ana miaka sabini na tisa, bunduki yake imepita hamsini, na mwezi wa kumi mwaka jana mmoja wao alianza kugoma. Ubishi ulikuwa ni yupi.

"Ni mama," aliniambia mwanawe, Verlin. Alisema kwa sauti ya chini maana mama mwenyewe alikuwa jikoni anakanda unga. "Mkono umeisha nguvu, Hobert. Hafungi bolti ile ya kusukumia risasi mpaka mwisho. Bolti isipofunga sawasawa, pini inagonga nusunusu, risasi inalala. Siku moja iliyolala itaamka ameishika mkononi."

"Nasikia!" shangazi akaitikia kutoka jikoni. "Mkono umeisha, masikio bado yapo."

Verlin si mtu mbaya. Anapanda nguzo za umeme, ana viganja kama sepetu, na mama yake anampenda kuliko anavyokubali. Alikuwa ameamua kwamba Jumapili baada ya ibada ataichukua ile bunduki akaifungie kwenye kabati lake, maili thelathini kutoka pale. Na shangazi amekuwa akipanda mlima ulio nyuma ya nyumba kuwinda kindi tangu ana miaka tisa. Mume amemzika, ng'ombe kauza, mlima ndio uliobaki. Huku kwetu Kentucky mashariki, mtu akikosa sababu ya kupanda mlima anaanza kuangalia televisheni mchana, na baada ya hapo hakai sana duniani.

Mimi nafundisha vijana kuchonga chuma kwenye chuo cha ufundi. Kwa sababu ya diploma yangu, ukoo mzima huniletea kila kitu kibovu, kuanzia mashine za kukatia nyasi hadi meno ya bandia. Kwa hiyo Ijumaa nikaitwa.

Baada ya chakula cha mchana niliitoa bunduki ukutani, pale karibu na jiko, tukaenda nyuma ya banda. Nikapanga vifuniko vya makopo, nikapiga risasi kumi. Zote zikalia. Verlin akapiga kumi. Zote zikalia.

"Jaribu na wewe, shangazi," nikasema.

"Sipigi vifuniko mimi. Vifuniko havina nyama."

Badala yake aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akanipa risasi saba zilizogoma wiki ile. Hizi risasi ndogo za namba ishirini na mbili hazina kiwashio katikati ya kitako kama zile kubwa. Dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo, na pini lazima iubane ule ukingo kwa nguvu. Nikavaa miwani, nikatazama. Kila moja ilikuwa na alama, lakini hafifu, kama mtu kaigusa kwa ukucha.

Nikazirudisha bundukini moja moja, nikizigeuza pini ipate sehemu mpya ya kugonga. Pa, pa, pa, zote saba. Basi risasi hazikuwa na kosa.

Verlin alinitazama tu kama daktari anayesubiri familia ielewe yenyewe. Na kusema kweli, nilikuwa nimeanza kuelewa. Risasi nzima, bunduki nzima, wanaume wawili wamepiga bila shida. Amebaki nani?

Nikamfuata shangazi kwenye ngazi za baraza. Alikuwa amekaa, mikono kwenye mapaja, hatanii.

"Niambie wewe, Hobert. Wewe huna adabu, utasema kweli. Ni mimi?"

"Sijui bado. Ukitoka asubuhi, unakaa muda gani kabla hujapiga?"

"Saa nzima. Kindi hawaji kwa miadi."

"Na baridi?"

"Wiki hii? Jana kofia ilinigandia kichwani."

Hapo nikakumbuka kwamba mimi na Verlin tulikuwa tumeijaribu ile bunduki mchana, ikiwa imetoka kuota moto wa jiko.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tukapanda watatu. Majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Shangazi akakaa chini ya mti wake wa hikori, bunduki mapajani, sisi nyuma yake tukijifanya magogo. Ikapita saa nzima. Miguu yangu ilishakufa ndipo vipande vya maganda ya kokwa za hikori vikaanza kudondoka kutoka juu. Kindi yuko mezani.

Shangazi akaingiza risasi. Mimi sikumtazama kindi, nilitazama mkono wake. Bolti ikaenda mbele, ikashuka, ikafika mwisho kabisa.

Chk.

Verlin akanigeukia na uso wa msiba. Shangazi hakutikisika. Akaielekeza bunduki kwenye mteremko mtupu, akahesabu hadi thelathini kama alivyofundishwa utotoni, isije ikalia kwa kuchelewa, ndipo akafungua na kuitoa ile risasi.

"Mpe Verlin bunduki," nikanong'ona.

Verlin akaipokea, akaingiza risasi mpya, akaisukuma bolti kwa kiganja kile cha sepetu hadi ndege wakaruka. Akalenga. Chk.

"Maskini mwanangu," shangazi akasema. "Nguvu zimeisha mapema hivyo? Ukoo wa baba yako huo."

Tukarudi jikoni. Nikatandika gazeti mezani, nikaifungua ile bolti kipande kwa kipande. Ndani hamkuwa na chuma cha kuona. Kulikuwa na uji wa kahawia, mzito, unaovutika, kama asali tunayopika kwa mabua ya mtama, iliyosahaulika kabatini. Pini ilikuwa inatembea ndani yake kama mzee kwenye tope. Nikaisogeza karibu na jiko, dakika tano, ikateleza vizuri tu. Nikaitoa barazani, ikagoma.

"Nani anaitia mafuta?" nikauliza.

Sasa, huku kwetu ukiazima bunduki huirudishi kavu. Unaipangusa, unaitia mafuta, unasema asante. Lakini kufungua bolti ya mwenzio hapana, huko ni kuchungulia sufuria ya watu. Na bunduki ya shangazi imeazimwa na bonde zima: kaka zake, wachungaji watatu, marehemu baba yangu. Miaka hamsini ya watu wenye adabu, mafuta juu ya mafuta.

"Mimi niliitia Jumapili iliyopita," Verlin akasema.

"Kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Verlin."

"Nusu chupa. Niliona inagoma, nikasema nisaidie."

Shangazi akakohoa. "Mimi nimekuwa naitia kila ikigoma."

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye gazeti. Kisha nikaomba mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikasugua hadi chuma kikang'aa, nikakausha kila kitu kwa kitambaa. Mafuta sikutia hata tone.

"Utaiacha uchi hivyo?" shangazi akauliza.

"Uchi kabisa."

"Aibu hiyo. Kama mtoto kapelekwa kanisani hajachanwa nywele."

Verlin alikuwa ameacha kucheka. "Kesho nione kwa macho yangu," akasema. "Ikigoma mara moja tu, mama, naichukua."

"Na isipogoma?"

Usiku ule Verlin alilala pale pale kwenye kochi.

Bunduki ililala barazani kwenye baridi. Jumapili kabla ya ibada tukawa tena chini ya hikori, na baridi ilikuwa kali kuliko ya jana. Kindi wa kwanza alipotokea, Verlin alibana pumzi. Pa! Kindi akadondoka. Wa pili akachelewa sana, nikadhani tutaikosa ibada. Pa! Naye chini.

Wa tatu alikuwa mbali, kwenye tawi jembamba, anacheza. Shangazi akalenga muda mrefu. Pa! Gome likaruka pembeni, kindi akatoweka, na kutoka mti wa pili tukamsikia akitutukana.

Verlin akageuka haraka kumtazama mama yake. Mimi pia.

Shangazi Oleta alikuwa anatabasamu kama binti aliyechaguliwa kucheza dansi.

"Mmeona?" akasema. "Hiyo imelia vizuri kabisa. Hiyo nimekosa mimi mwenyewe."

Kisha akampa Verlin wale kindi wawili awabebe, akatangulia kushuka mlima na bunduki yake.