Kichuguu cha Yunis

Mara ya tatu tulipomkaribia, yule mama aliingia majini mpaka kidevuni. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge, na kutoka juu niliona kichwa chake kidogo nyuma ya kichwa cha mama yake. Walishikilia matete. Upepo wa panga la helikopta yetu uliyalaza matete mpaka yakazama, nao wakazama nayo, wakaibuka wanakohoa, wakazama tena.

"Rudi nyuma, Kapteni," nilisema. "Tunawaua."

Steven aliivuta chopa nyuma na juu. Tulipofika umbali wa viwanja viwili vya mpira, yule mama alitoka majini, akajikokota hadi juu ya kichuguu chake, akakaa. Kilikuwa kichuguu cha mchwa, kirefu kuliko mtu, kama vilivyojaa bonde lote la Kilombero. Mafuriko yalikuwa yamekimeza, kimebaki kipande cha kukaa watu watatu kwa kubanana. Mchana, tulipopita juu sana tukienda kushusha unga na dawa ng'ambo ya mto, tuliwaona hapo wakiwa na ndama wawili. Sasa ilikuwa imepita saa kumi na moja jioni, na ndama hawakuwepo.

Mimi naitwa Ngusa. Wakati huo nilikuwa na mwezi wa nane katika kazi ya urubani, na Kapteni Steven, aliyeanza kurusha chopa mimi nikiwa darasa la pili, ndiye alikuwa msimamizi wangu. Niseme mapema kabisa: mimi ni mwoga. Kila asubuhi kabla ya kuruka nakagua nati zote mara mbili na kwenda chooni mara tatu. Wenzangu pale kiwanjani Ifakara walinitania kwa hilo mpaka wakachoka. Steven alisema afadhali mwoga, maana mashujaa wengi aliosoma nao alikwisha kuwazika. Lakini angani woga wangu una pa kushika. Kuna usukani, kuna geji, kuna kanuni zilizoandikwa. Jioni ile nilianza kuogopa kitu kisichokuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Steven aliangalia geji ya mafuta, kisha akaangalia jua. Akaeleza, kwa sauti ileile anayotumia kuagiza chai, kwamba mafuta yaliyobaki yanatufikisha Ifakara na dakika kumi na tano za ziada, basi. Chopa yetu ilikuwa ndogo, ya viti vinne, haina vyombo vya kurukia gizani. Jua likizama hakuna kurudi hapa mpaka asubuhi. Nikamuuliza kuhusu mitumbwi. Akasema wavuvi wa Kivukoni hawaingii kwenye mkondo ule usiku, una viboko na magogo yanayoelea, na hata yeye asingewalaumu. Halafu akaniuliza kwa nini mtu aliyezungukwa na maji amkimbie anayekuja kumwokoa.

Nilijua kwa nini.

Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde hili na ng'ombe wao, yaani watu wa kwetu, walikwisha kujifunza jambo moja: dege likipita chini chini, nyuma yake yanakuja malori. Kiangazi kilichopita lilipita. Wiki mbili baadaye malori ya serikali yakaja, ng'ombe wakaswagwa, na watu wakaambiwa wahame. Na mimi nilikuwamo ndani ya dege lile. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya kupata leseni, kwa kampuni nyingine, kabla sijafika kwa Steven. Nilikaa kando ya rubani, nikahesabu ng'ombe na kuandika kila kundi lilipo. Jioni, tukirudi, rubani aliniachia usukani, na muda huo uliandikwa kwenye kitabu changu kama saa zangu za kuruka. Asiyejua kazi hii hawezi kuelewa njaa ya saa. Rubani mpya bila saa ni kama fundi asiye na nyundo, hakuna anayemwita. Niliambiwa ni hesabu ya kawaida ya mifugo. Sikuuliza zaidi, kwa sababu ningeuliza ningejibiwa, na ningejibiwa ningetakiwa kushuka.

Hayo yote sikumwambia Steven. Nilimwambia tu kwamba wanaogopa chopa, kwamba mimi ni Msukuma, na kwamba akinishusha kwenye kichuguu kingine, kile kilichokuwa kama hatua sitini kutoka pale, kisha akaenda mbali sauti isisikike, ningeweza kuzungumza na yule mama. Steven aliyatazama maji, kisha mimi. Alijua ninavyoogopa hata kuoga mtoni.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Nikirudi, mpande. Sitakuwa na mafuta ya kubembelezana."

Aliigusisha chopa mguu mmoja kwenye kile kichuguu, nikaruka, nikaangukia magoti. Kisha akaondoka. Sikuwahi kusikia ukimya wa namna ile. Nilizoea bonde lile kutoka juu, zuri, limetandazwa kama mkeka. Kutoka chini lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayotembea bila sauti, na mimi katikati.

Nikajikaza kisabuni, nikaingia. Maji yalinifika kifuani. Chini kulikuwa na tope linalonyonya mguu, na kila hatua nilifikiri mamba. Siyo kwa mbali, kama mtu anavyofikiri ajali; nilifikiri meno yake, mahali yatakapoanzia. Katikati ya njia kitu kizito kilinigusa paja, kikasimama, kikapita. Nilibana pumzi mpaka macho yakaona vimulimuli. Huenda lilikuwa gogo. Hadi leo najiambia lilikuwa gogo. Nikaendelea kwa kuwa kurudi nyuma kulikuwa mbali kuliko kwenda mbele, si kwa ujasiri wowote.

Yule mama aliniona nikija, akashuka upande wa pili wa kichuguu, miguu tayari majini. Alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, midomo imepauka kwa baridi. Mtoto, wa kike, miaka mitatu hivi, hakulia. Alinitazama tu kwa macho makubwa. Nilitaka kupiga kelele: twende, panda, dakika zinaisha. Lakini kwetu mtu hamvamii mkubwa wake kwa maneno ya haraka. Anayeanza na shida yake kabla ya salamu ni mwizi au ni mtu wa serikali, na yule mama alikuwa tayari kuzama kuliko kuzungumza na mmoja wao. Basi nilisimama hatua kumi kutoka kwake, nikainama kwa heshima mpaka maji yakaingia mdomoni.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma, kama mwana anavyomsalimu mama.

Nilihesabu moyoni, kama tunavyofundishwa kuhesabu injini inapokohoa. Kisha akaitikia, taratibu, kana kwamba tumekutana mnadani. Akauliza nyumbani hawajambo. Nikasema hawajambo. Akauliza mvua huko kwetu. Nikamweleza mvua, meno yakigongana. Nami nikamuuliza habari zake, akasema yeye ni Yunis, mumewe alifuata ng'ombe waliochukuliwa kiangazi, alisema atarudi, na ndiyo sababu hakuhama wenzake walipohama. Maji yalikuja usiku. Juzi walikuwa yeye na mtoto, mbuzi sita na ndama wawili. Alisema hivyo bila kulalamika. Kisha akauliza swali ambalo katika salamu za kwetu lazima lije.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Ningeweza kutaja jina lolote. Hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Lakini kuna mambo ambayo ulimi haukubali, na kumkana baba mbele ya mama wa kwetu ni mojawapo.

"Ng'wana Yoramu," nilisema. "Wa Kiberege."

Uso wake ulilegea kidogo, ukakaza tena. Bonde zima lilimjua Yoramu, mzee aliyeuza karibu zizi lote ili mwanawe akasomee kurusha ndege. Walimcheka miaka miwili, kisha wakaacha kumcheka. Yunis aliitazama sare yangu iliyolowa, yenye mistari miwili begani. Aliutazama upande ambao chopa ilikuwa imeelekea. Nikajua anachokwenda kuuliza kabla hajafungua mdomo.

"Dege la kiangazi," alisema. "Wewe ulikuwamo?"

Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa lile gogo. Nikisema hapana, atanipa mtoto na tutapanda. Nikisema ndiyo, atarudi kwenye matete, na safari hii hatatoka. Akili yote ilisema hapana. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na mimi sijawahi kuwa na uso unaoweza kuficha. Angeuona uongo ukija kama ninavyoona mvua nikiwa juu. Na mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja na dege hatapanda dege na mwongo.

"Nilikuwamo," nilisema. "Nilihesabu ng'ombe. Sikujua malori yatakuja, lakini sikuuliza pia. Nilitaka kazi."

Hakunitukana, na ningependa anitukane. Mtoto alikohoa, kikohozi kidogo cha maji, na Yunis akampapasa mgongo bila kuondoa macho kwangu. Kutoka upande wa Ifakara nilianza kusikia chopa inarudi, mbali bado, kama mtu anatwanga mpunga kijiji cha pili. Mabega yake yalipanda aliposikia. Yangu pia yalipanda.

"Nisikilize, ng'wana Yoramu," alisema. "Mimi na mtoto tutapanda. Wewe utabaki hapa. Mwenzako akitufikisha Ifakara salama, atarudi kukuchukua. Akitupeleka kwingine, au akitutupa njiani, atajua wewe uko hapa na maji haya."

Ilikuwa hesabu nzuri. Ningekuwa na mtoto mgongoni, mimi pia ningeipiga hivyohivyo. Ilipungukiwa na vitu viwili tu, ambavyo yeye hakuwa na njia ya kuvijua: mafuta na jua. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya milima ya Udzungwa. Chopa ikitua Ifakara ingekuwa giza. Hakuna ambaye angerudi kabla ya asubuhi, na hicho kipande cha udongo tulichokuwa tunagombania sikujua kama kitakuwepo asubuhi.

Nilifungua mdomo nimweleze. Mbele ya macho yangu mkono wake ulikuwa umeanza kulitafuta tete. Nikaufunga mdomo.

"Sawa, mayu," nilisema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mkishuka tu, anageuza."

Hakuuona ule uongo. Labda kwa sababu aliutaka, labda kwa sababu baridi ilikuwa imenikausha uso ukawa kama gome. Alinyoosha mkono, nikaushika, nikapanda kichuguuni kando yake, tukalala kifudifudi wote watatu, mtoto katikati yetu. Panga lilifika juu yetu. Mimi ninayelirusha sikuwahi kuwa chini yake hivyo. Lilipiga maji usoni, likavuta nguo, na kelele yake iliingia mpaka kwenye mifupa. Nilimwona Yunis amefumba macho, midomo inakwenda. Kidogo nikose uvumilivu, niingie majini mimi mwenyewe.

Steven aliweka mguu wa chopa kwenye ukingo. Nilifungua mlango wa nyuma, nikampandisha mama na mtoto, nikawafunga mikanda. Nilikosea kufunga mara mbili. Steven aligeuka akanionyesha kiti cha mbele. Yunis aliweka kiganja chake juu ya kile kiti, akanitazama.

Nikamwonyesha Steven kwa kidole: nenda. Akafoka maneno ambayo sikuyasikia, na namshukuru Mungu sikuyasikia. Taa nyekundu ya mafuta ilikuwa inawaka mbele yake. Niliiona kutoka nilipo. Nikafunga mlango, nikainama, nikarudi hatua moja, na hatua hiyo moja ndiyo iliyokuwepo. Sekunde tano nzima hakuondoka. Nilimwomba kimoyomoyo asinisikilize, azime kila kitu, ashuke anikokote kwa shati. Kisha akainuka, kwa sababu ni rubani mzuri, na rubani mzuri hajadiliani na geji.

Yunis alinipungia mkono dirishani, kama mtu anayemuaga wa kurudi baada ya saa moja. Nikampungia.

Chopa ilikwenda ikawa ndogo kuelekea Ifakara, ikawa nukta, ikawa sauti tu, na jua likagusa mlima. Niliita jina la baba yangu kwa sauti, mara mbili, sijui kwa nini. Nikatazama chini. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yangu, na nilikuwa nimesimama mahali pa juu kabisa.