Nyuzi Nyekundu Ukutani

Karatasi ya Hetvi ilienea ukuta mzima wa studio ya chuo, futi kumi na mbili kutoka dirishani hadi mlangoni. Ilikuwa na michoro arobaini, na nyuzi nyekundu zikionyesha wazo lipi lilizaa lipi. Ndivyo mwalimu wao, Falguniben, alivyowafundisha: alama ya biashara si kitu kama hujaonyesha ulivyoifikia.

Tatizo ni kwamba Hetvi hakuifikia. Ilimjia tu, akimenya vitunguu saumu bwenini: mkono wa mwanamke ukianika papad, kile kichapati chembamba cha dengu cha kukaanga, na papad yenyewe ndiyo jua. Aliichora, kisha akakaa siku mbili akitunga michoro thelathini na tisa ya "kabla".

Mwaka jana kijana mmoja aliyetundika michoro ya uongo ukutani alifungashwa virago siku ileile. Na baba yake Hetvi alishasema: ukirudi nyumbani Bhuj umefukuzwa chuo, Ahmedabad usahau.

"Mbona umekauka kama papad?" Urvil, jirani yake wa meza, alimcheka. "Bado kukaangwa tu."

"Niache bwana."

Falguniben akaja. Aliweka kidole kwenye uzi wa kwanza, akaufuata polepole hadi mlangoni, kisha akarudi mwanzo. Karatasi za wengine hakuzirudia. Kalamu, Hetvi akakumbuka ghafla. Michoro yote nimeichora kwa kalamu moja.

"Mwanangu, hapa hakuna hata uzi mmoja uliopotea njia."

"Samahani, Falguniben?"

"Karatasi za wenzako zimejaa nyuzi zilizokatikia njiani. Urvil amechora ngamia wanne, sijui wa nini."

"Watatu, Falguniben. Yule mmoja ni mbuzi."

"Nyamaza wewe. Hapa kila uzi umefika. Anayetafuta hatembei hivi. Ulianza na upi?"

Hetvi aliunyoosha mkono kuelekea dirishani. Mchoro wa kwanza ulikuwa hatua mbili tu. Akageuka, akatembea hadi mlangoni, akagusa mchoro wa mwisho.

"Huu. Mingine niliitunga baadaye. Niliogopa."

Falguniben alichomoa pini moja moja, akaondoa michoro thelathini na tisa, akaichukua ile alama na kuipachika kule mwanzo, dirishani.

"Kufika mapema si kosa. Kudanganya ni kosa, na hilo nitaliandika. Kamati ya nidhamu inakaa keshokutwa. Ukiwaonyesha wazo hili linakwenda wapi, huenda wakakusikiliza. Usipoweza..."

Alikwenda meza nyingine.

Hetvi alibaki na weupe mtupu wa karatasi mbele yake. Alipokuwa akidanganya, mkono ulikwenda bila kusita, maana ulijua unakoelekea. Sasa aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. Mstari ulitoka umepinda, haufanani na mkono wala na jua. Aliutazama kwa hofu. Hakuufuta.