Chiriku Ndani ya Soksi

Mwaka aliofiwa na mkewe, Hardat alimnasa chiriku kwa ulimbo, kwenye majani ya nyuma ya mashamba ya mpunga. Mwanzoni ndege alikuwa akijibamiza tu kwenye vijiti vya tundu. Hardat hakumharakisha. Alimlisha mbegu za majani na kila asubuhi akamtembeza barabarani, tundu mkononi, kama wanaume wengi wa kijiji chao cha Demerara, hadi ndege akafungua mdomo, akaanza kupiga mluzi. Tangu hapo hakushindwa. Jumapili matundu mawili yakitundikwa karibu karibu ili ndege washindane kwa mluzi, mpinzani wake alinywea mapema.

"Huyo si ndege, ni wakili," jirani yake Compton alikuwa akisema. "Hanyamazi mpaka mwenzake akiri kosa."

Kisha Indranie, binti yake wa pekee, akapiga simu kutoka New York. Viza imetoka. "Baba, njoo umshike mjukuu wako."

Mumewe akaichukua simu. "Mzee, njoo na yule chiriku. Wa huku hawana mluzi wa porini."

"Nitampitishaje forodhani?"

"Mtie kwenye rola ya nywele, uifiche ndani ya soksi. Wenzako wanafanya hivyo hivyo."

Compton aliposikia alitikisa kichwa. "Ndugu yangu, kamwone mtoto. Ndege niachie mimi."

"Nikuachie umfundishe uongo wako?"

Walicheka. Lakini ukweli ni kwamba Hardat aliona haya kwenda mikono mitupu kwa mkwe, na ndege ndiye pekee aliyekuwa naye wa kujivunia. Alijua jinsi chiriku yule alivyoogopa kushikwa. Alimshika hata hivyo, akamsukumiza ndani ya rola, akaziba ncha kwa kitambaa cha wavu.

Ndani ya ndege kubwa aliusikia moyo mdogo ukimdunda kwenye kifundo cha mguu. Juu ya bahari ukatulia. Amelala, alijiambia.

Uwanjani afisa mmoja wa kike alimwona akichechemea, akamwambia apandishe suruali. Rola ilifunguliwa juu ya meza. Chiriku aliteleza akatoka, mabawa yamemganda mwilini, jicho nusu wazi.

"Nipe nimshike," Hardat alisema. Hawakumpa. Walimtia chiriku kwenye mfuko wa plastiki, wakaifuta viza, wakamruhusu kupiga simu.

"Baba, uko wapi?" Indranie alisema. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia. "Tuko hapa mlangoni. Wenzako wote wameshatoka."

Alipomweleza, binti aliuliza, "Mimi nilikuomba ndege, Baba?"

Walimrudisha kwa safari iliyofuata.

Compton alimletea chiriku mchanga ndani ya tundu jipya. "Mfundishe huyu. Mikono yako haijasahau."

"Mrudishe ulikomtoa."

"Hardat, mtu hafi kwa ajili ya ndege."

"Nani kakwambia ni kwa ajili ya ndege?"

Compton akaondoka na tundu lake.

Indranie alipunguza simu, halafu zikawa picha tu. Siku moja ikaja ya mtoto akisimama mwenyewe, ameshika kiti. Nje, majanini, chiriku wa porini alikuwa akipiga mluzi wa kufukuza mwenzake mpakani. Hardat aliujua mluzi ule kama anavyojua jina lake. Aliinuka, akafunga dirisha, akakaa kwenye joto na simu ikiwa imezimwa mapajani.