Utepe Kwenye Mkia wa Babu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sifa zangu tutakesha. Nilifunga utepe mwekundu kwenye mkia wa farasi kwa sababu niliona unampendeza.

Kwa watu wanaopanda farasi kwa makundi, utepe mwekundu mkiani si pambo. Unamwambia aliye nyuma: huyu anapiga mateke, kaa mbali. Jambo hilo walilijua wanawake wote kumi na mmoja wa chama cha wapanda farasi, pamoja na yule fundi cherehani aliyejiunga wiki mbili kabla na ambaye bado alimwita farasi wake "huyu ng'ombe". Mimi, niliyepewa Jumamosi ile niongoze msafara wao, sikulijua.

Nilikuwa na miezi minane kwenye lile zizi. Kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi, kuchota maji, kusafisha kwato na kutandika. Kupanda nilijifundisha mwenyewe, jioni, bila tandiko, nikiwapeleka farasi kunywa maji. Nilijifundisha kama nilivyojifundisha kutunga mashairi, yaani kwa kuanguka. Tepe zile sikuwahi kuziona, kwa sababu wanachama walikuwa nazo mifukoni na walizifunga nje ya geti msafara ukishapangwa, na wakati huo mimi nilikuwa ndani na koleo. Ningeweza kuuliza. Lakini mtu akianza kunieleza jambo, mimi humwitikia "najua" kabla hajafika katikati. Mama yangu anasema hilo ndilo neno langu la kwanza, hata "mama" lilifuata baadaye.

Kiongozi wao wa zamani alikuwa amehamia mji mwingine, na chama kilitaka mtu wa kudumu. Jumatano, mwenyekiti wao akaja zizini. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwaleta watoto duniani hata kama hawakukusudia.

"Kijana, njia ya machimboni unaijua?"

"Najua, Mama."

"Na kuongoza kundi?"

"Najua."

"Jumamosi tutakujaribu. Ukitufaa, kazi ni yako. Usipotufaa, koleo lako si lipo?"

Koleo lilikuwa mkononi. Nililitazama kama mtu anavyomtazama mchumba anayekusudia kumwacha.

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Niliitaka kwa ajili ya kwenda mbele. Miezi minane nilikuwa nikiwafuata farasi kwa nyuma, tena nyuma kabisa, na unajua mwenyewe kule nyuma kunatoka nini. Basi Ijumaa nikatunga utenzi wa beti kumi na sita wa kuwasomea njiani, kisha nikamwendea dada yangu, ambaye ni msusi, nikamwomba utepe.

"Wa nini?"

"Wa farasi."

"Unamwoa?"

"Nipe utepe, dada."

"Chukua mwekundu basi, bwana harusi."

Farasi wangu alikuwa Babu, mzee wa zizi, kahawia, mdomo umejaa mvi. Babu alikuwa mpole kiasi kwamba kuku walitaga kwenye nyasi zake, naye akala kwa kuzunguka mayai. Mwenye zizi hakumpenda. Alisema Babu anakula zaidi ya anavyofanya kazi, na kwamba akipata sababu moja tu atamtoa kwa mnunuzi wa ngozi, achinjwe. Hadi Jumamosi ile sababu haikuwa imepatikana.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Nilitangulia, kifua mbele, utepe ukipepea nyuma yangu. Tulipita maghala, tukapita kiwanda cha matofali, tukaingia njia ya vumbi kati ya mikaratusi. Hapo nikageuka kuanza ubeti wa kwanza. Wanawake wale walikuwa mbali. Kati yangu na farasi wa pili palikuwa na nafasi ya kupitisha lori.

"Sogeeni!" nikaita.

Hawakusogea. Nikamrudisha Babu hatua chache ili tukaribiane, nao wakarudi nyuma wote kwa pamoja, kwa adabu, kama watu waliomwona mwenye kipindupindu. Nikasimama, wakasimama. Nikatembea, wakatembea. Damu ikaanza kunichemka. Nikasema moyoni: kumbe hawa wananidharau, wamenusa samadi. Haya, watanisikia hata kwa nguvu. Nikajigeuza juu ya tandiko, nikapasua koo:

*Mabibi nawaamkia,*
*tandikoni mwatulia,*
*na mimi natangulia,*
*njia zote nazijua!*

"Anasemaje?" nikamsikia mmoja akiuliza.

"Sijui. Nadhani ameona nyoka."

Msafara mzima ukasimama kutafuta nyoka. Utenzi wangu ukafia hapo, beti kumi na tano zikiwa bado mfukoni.

Tulipofika kwenye uwazi wa machimboni, pale ambapo njia inapanuka, fundi cherehani alimtoa farasi wake kwenye mstari, akanizunguka kwa mbali kama anayezunguka shimo, akaja ubavuni mwangu.

"Kaka," akasema, "huyo Babu alimpiga nani?"

"Kumpiga nani kivipi?"

"Si una utepe mwekundu? Wiki yangu ya kwanza nilifundishwa: ukiona utepe mwekundu, huyo anapiga mateke. Leo nikasema mbona huyu anaonekana mpole, wakaniambia wapole ndio wabaya. Sasa nauliza, alimpiga nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo: lile pengo, ile adabu yao ya kurudi nyuma. Nilisikia masikio yakiwaka moto. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa fupi: "Dada, sikujua." La pili ndilo lililotoka.

"Huyu?" nikasema. "Huyu usimwone hivi. Huyu amewahi kumvunja mtu mguu."

Babu alikuwa amefumba macho, anasinzia.

Fundi akapeleka habari nyuma, na baada ya dakika moja Mwenyekiti akaja, naye kwa mbali.

"Nimesikia," akasema. "Umefanya vizuri kutuonya. Wengine huficha. Lakini farasi wa utepe haongozi, kijana. Anakaa mwisho kabisa, asiwe na mtu nyuma yake. Hii ni sheria ya chama, nilidhani unaijua."

"Najua," nikasema.

"Basi rudi mwisho."

Hivyo ndivyo kiongozi wa msafara alivyoongoza msafara kutoka mkiani. Wanawake kumi na mmoja walijiongoza wenyewe kwenda mtoni, wakicheka na kupiga soga, na mimi nikala vumbi la farasi kumi na mmoja, nusu saa nzima. Nilijifariji kwamba bado nina nafasi. Nitaeleza baadaye kwamba Babu ametulia, kwamba nimemfunza mwenyewe. Nilikuwa nikiutengeneza uongo wa pili ili uupokee wa kwanza mizigo.

Mtoni wote walishuka kunywesha. Nilipofika, Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye jiwe na simu yake imewekwa sauti ya nje, maana alikuwa mtu wa kutaka wote wasikie.

"...aliyevunja mtu mguu," alikuwa akisema, "hawezi kukaa kwenye zizi tunaloleta wanachama wapya. Kwa nini hukutuambia?"

"Babu?" Sauti ya mwenye zizi ilikatika, kisha ikarudi, na nikaisikia ikichangamka. "Kwa kweli hata mimi sikuambiwa! Lakini msijali. Mnunuzi wa ngozi anapita Jumatatu. Nitampa."

Mwenyekiti akakata simu, akaanza kukaza kamba ya kofia yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Miguu yangu ilishuka kutoka kwenye tandiko kabla akili haijaamua.

"Mama," nikasema, "labda hakumvunja sana."

"Mguu huvunjika kidogo?"

"Ulitenguka."

"Mguu wa nani?"

"Wa... fundi bomba."

"Fundi bomba yupi? Mimi ndiye niliyemleta fundi bomba pale zizini. Ni mdogo wangu. Miguu yake yote miwili ipo."

Hata farasi waliacha kunywa, au mimi ndiye niliyeacha kusikia. Kumi na mmoja wananitazama. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawasemi kwamba inaishia kando ya mto mbele ya wanawake kumi na mmoja waliovaa kofia ngumu.

"Hajampiga mtu," nikasema.

"Sijasikia."

"Hajampiga mtu!" nikapaza sauti. "Hajawahi kumpiga hata nzi! Utepe nimeuomba kwa dada yangu. Nilidhani ni urembo. Sikujua maana yake. Mtu alipouliza nikaona haya, nikamsingizia. Msimtoe Jumatatu, Mama. Mwongo ni mimi."

"Unasema hivyo kumwokoa," akasema mmoja. "Nitajuaje sasa uongo ni upi?"

Swali lilikuwa la haki. Nikaenda nyuma ya Babu. Nikakaa chini, kwenye matope, mgongo wangu umegusa miguu yake ya nyuma, kichwa changu usawa wa kwato ambazo zingeweza kunipasua kama nazi. Nikamvuta mkia. Nikampiga kofi la paja. Nikamwinua mguu mmoja, nikauweka mapajani mwangu kama mtoto.

Babu aligeuza shingo, akanitazama kwa huruma. Kisha akainua mkia, utepe na vyote, akanishushia mzigo wake begani.

Fundi cherehani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akamkumbatia ng'ombe wake. Wengine wakafuata, na yule aliyekuwa na shaka akakaa kwenye nyasi akishika mbavu. Mimi sikujifuta. Niliona si wakati wake.

Mwenyekiti alisubiri kicheko kitulie, akampigia tena mwenye zizi.

"Babu tunamtaka kila Jumamosi," akasema. "Hapana. Nimesema tunamtaka. Aliyekosea ni kijana wako, farasi hana kosa. Huyo mnunuzi mwambie apite zake."

Kisha akanigeukia. Alisema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kwamba anayo.

"Uongozi hupati. Kutojua utepe ningekufundisha kwa dakika moja. Lakini umenyamaza nusu saa huku farasi akibeba aibu yako."

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa kali. Niliona anazidisha. Nimekaa matopeni, nimevikwa samadi, ananitaka nini zaidi? Nikalimeza jibu, likashuka kama mwiba wa samaki.

"Twende," akawaambia wenzake. "Wewe kaa mwisho, maana tumeshakuzoea huko."

Tulirudi. Nilikuwa nimekasirika hivi kwamba sikuona vumbi. Nilimtazama Mwenyekiti tu, mbele kabisa, mgongo umenyooka kama mwenye njia yake, na nikaendelea kumkosoa kimoyomoyo, namna alivyoshika hatamu na namna alivyokaa. Kwa kumtafutia kasoro hivyo, nikaiona moja ya kweli. Tandiko lake lilikuwa limeanza kuvutika kushoto. Kila hatua kidogo zaidi. Mkanda wa tumboni ulikuwa umelegea tangu farasi anywe maji, na wenzake, kwa soga zao, hakuna aliyeutazama.

Naomba niseme kweli, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshaanza. Sikuita mara moja. Niliacha tandiko livutike urefu wa miti kama sita hivi, nikiiwaza ile kofia ngumu ikikutana na vumbi. Kisha mbele nikaona njia inateremka kwenye mawe, nami nikaita kwa koo lile lile la utenzi:

"Mwenyekiti, simama! Mkanda!"

Safari hii walinisikia. Mstari wote ukasimama. Nikashuka, nikatembea kwa miguu nikiwapita mmoja mmoja, nikinuka, hadi mbele. Nikalisukuma tandiko mahali pake, nikakaza mkanda matundu mawili. Mwenyekiti aliyatazama yale mawe ya mteremko, akanitazama mimi.

"Umeuona sasa hivi?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekaa pale, safi, limevaa vizuri.

"Hapana, Mama. Kabla ya hapa kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa bado nimekukasirikia."

Nyuma yetu mtu alipiga mluzi. Mwenyekiti akaujaribu mkanda kwa vidole viwili.

"Jumamosi ijayo," akasema, "saa mbili kasoro robo. Utakagua mikanda yote kabla hatujatoka, na njiani utakaa mwisho, unitazamie migongo."

"Mwisho?"

"Una tatizo?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na beti kumi na sita za tatizo. Nikarudi kwa Babu, nikipita tena farasi wote kumi na mmoja, na nikamsikia fundi cherehani akimwambia mwenzake, "Mpishe, mpishe, usimguse, hajanawa."