Kura ya Makofi

Firimbi ilitangulia. Moja ndefu kutoka upande wa daraja, ya pili fupi kutoka nyuma ya banda la samaki, na kabla hata kofia moja ya askari haijaonekana, soko zima la Mapendano lilikwisha kubadilika. Madumu yalifunikwa, watoto walinyanyuliwa kutoka chini, na wanaume waliokuwa wakinywa chai waliacha vikombe vikifuka moshi wakaruka mtaro. Wakusanya kodi waliingia kwa pande mbili kama watu wanaokokota wavu, wakakutana katikati.

Augustin hakukimbia. Alikuwa na dumu la mawese la mkewe begani, na zaidi ya hayo, alikuwa amelipa.

"Citoyen, raia, karatasi ya kodi," askari mmoja alimwambia.

Aliweka dumu chini, akavua kofia yake, akatoa ndani ya bitana karatasi iliyokunjwa mara nne. Alilipa mwezi wa pili, dirishani pa ofisi ya mtaa, Nyota mkewe akiwa amesimama nyuma yake. Lakini tangu siku ile alikuwa amepiga kasia hadi Yanonge na kurudi mara nyingi, na mara mbili mtumbwi ulijaa maji. Kofia si sanduku. Askari aliikunjua karatasi. Ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa, na pembeni palibaki doa la zambarau, pale palipokuwa na muhuri.

"Hii iko nini?"

"Karatasi ya kodi, chef."

"Mi naona karatasi ya kufungia karanga."

"Maji iliosha. Lakini jina yangu iko ku kitabu, pale ku bureau. Mufungue tu kitabu, mutaona."

Askari alicheka, wala si kwa ubaya. "Kitabu inafunguliwa na mwenye kitabu. Twende."

Waliondoka naye pamoja na wengine waliokamatwa, kila mmoja ameshika shati la aliye mbele. Nyota aliwafuata hadi kwenye buloko, chumba kilichokuwa ghala la saruji nyuma ya ofisi ya mtaa. Mlinzi alipokea chakula alichopeleka jioni, akafunua sahani, akachagua kipande cha samaki, kisha akamwambia alichokuja kukijua: Jumatatu alfajiri lori litawachukua wote, wakatengeneze barabara ya upande wa Opala. Miezi miwili. Kundi la mwaka jana lilirudi na miguu iliyovimba kama mitungi, na watu wawili hawakurudi.

"Batajua lini?" Nyota aliuliza. "Bale ba ndani."

"Batajua wakipanda. Tukibaambia mbele, hawalali, banapiga mulango."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi mtaa wa Mapendano ulikuwa na uchaguzi.

Mwaka ule Chama kilikuwa kimeamua kwamba karatasi za kura huwagawa watu. Mtaa utakusanyika uwanjani pa shule, majina yatasomwa, na atakayepigiwa makofi ndiye atakayeusemea mtaa katika baraza. Majina yalikuwa mawili, na Chama kilikuwa kimeyakubali yote mawili. La kwanza lilikuwa la Citoyen Likunde, mkuu wa kodi ya soko. La pili lilikuwa la Mwalimu Waziri, mzaliwa wa Kindu, kule Maniema, aliyefundisha darasa la tano kwa miaka kumi na minne, na kila siku alienda shule kwa miguu.

Likunde ndiye aliyeleta kodi ya kivuli. Aliyetandaza hata gunia juu ya kichwa chake alilipa kuliko aliyekaa juani, maana kivuli, alisema Likunde, ni jengo. Bamama wengi waliteremsha magunia yao. Samaki walioza kabla ya saa sita, na watoto walichubuka ngozi ya pua.

Mwalimu Waziri aliahidi jambo moja tu. Alipita meza kwa meza akilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia: akichaguliwa, siku ile ile ataomba kitabu cha kodi kifunguliwe mbele ya watu, na majina ya waliolipa yasomwe. Na aliyefungwa hali amelipa, atoke.

"Ahadi gani hiyo?" alisema Papa Hubert, fundi cherehani wa kwenye kona, bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiikata. "Wengine banaahidi mabati, yeye anaahidi kusoma. Na iko mutu ya Maniema, ule. Atabeba ndugu zake."

"Na Likunde, mutu ya hapa, alibeba nani?" aliuliza Philomène, muuza samaki wa kukaushwa aliyekaa meza moja na Nyota.

"Tumbo yake."

"Bon. Afadhali ndugu za mwalimu. Bale bana miguu, batatembea wenyewe."

Watu walicheka. Hubert naye alicheka, akakata suruali vibaya, akalaani.

Philomène ndiye aliyekuja na shauri. Kusema hapana mbele ya Chama ni kosa, kila mtu alilijua hilo. Lakini kunyamaza je? Nani amewahi kufungwa kwa kukunja mikono? Likunde akisomwa, kila mmoja aifiche mikono yake kwapani na kutazama mbele. Mwalimu akisomwa, wapige hadi viganja viwake moto. Ijumaa walifanya mazoezi hapo hapo mezani, kwa kicheko, na hata Hubert alikunja mikono, mkasi ukichomoza kwapani kama bawa.

"Nawe, Nyota," Philomène alisema, "funga kinywa yako tu. Ukinyamaza wewe, soko yote imenyamaza."

Alisema kweli. Kila asubuhi, kabla ya chochote kuuzwa mezani, soko lilisimama robo saa kukiimbia Chama, na mwimbishaji alikuwa Nyota. Walimwita Redio. Yeye aliuliza, "Mikono iko wapi?" nao wakajibu, "Ni hapa!" kisha makofi matatu, mawili, matatu. Miaka sita, mvua au jua. Watoto waliobebwa mgongoni waliyajua makofi yale kabla ya kujua kutembea.

"Nitafunga," Nyota alisema. Alimaanisha.

Likunde alikuja mchana ule ule, Philomène alipokuwa ameenda kuchota maji. Hakusimama kama watu wanaokuja kununua. Alilivuta dumu la mawese, akalijaribu kwa kiganja, akakaa juu yake.

"Mama Nyota. Nasikia mzee hayuko nyumbani."

"Anajua alipo, Citoyen. Nawe unajua."

"Mimi? Mimi ni mtu wa soko. Buloko si yangu." Alipangusa jasho kwa leso safi. "Lakini mkubwa wa buloko ni rafiki yangu. Na mimi huwa sipendi kuona mtu wa mto anapelekwa kuchimba udongo. Amezoea kukaa, yule. Mgongo utakatika."

"Augustin alilipa. Iko ku kitabu."

"Inawezekana. Kitabu ni kikubwa." Alitazama juu, pale pasipokuwa na kivuli. "Sikuombi unipende, mama. Sikuombi hata unipigie makofi. Nakuomba ufanye kazi yako ya kila siku. Uulize tu mikono iko wapi. Kuuliza ni kosa?"

Nyota alizipanga upya chupa za mafuta mezani.

"Jumamosi jioni angekula nyumbani kwako," Likunde alisema, akiinuka. Alinunua chupa moja ya mafuta, akalipa bei kamili, wala hakungoja chenji.

Nyota hakumwambia Philomène. Alikaa na neno lile tangu mchana hadi asubuhi. Mara aliona kwamba mwalimu akishinda, kitabu kitafunguliwa na Augustin atatoka kwa haki, kichwa juu. Kisha alikumbuka kwamba mwalimu atakuwa mtu mmoja, kesho yake ni Jumapili, na lori halingoji mtu amalize kusoma. Alipokwenda kutwanga alikuwa ameamua kunyamaza. Aliporudi hakuwa ameamua lolote.

Jumamosi walifanya salongo kwanza, kazi ya bure ya kila juma, wakifyeka majani ya uwanja ule ule watakaposimama. Saa nne mjumbe wa Chama alipanda jukwaani, koti lake la abacost, vazi rasmi la Chama, limebana shingo. Nyuma yake walikaa wagombea wawili. Nyota alisimama mbele na kikundi chake, ngoma ikiwa kushoto. Alikuwa amemwambia mpigaji, mbele ya Philomène, asiiguse mpaka asomwe mwalimu.

"Bananchi," mjumbe alisema kwenye kipaza sauti, "Chama kinawaletea Citoyen Likunde."

Hakuna aliyepiga.

Mikono mia tatu ilikuwa kwapani. Mjumbe alingoja, akagonga kipaza sauti kwa kidole akidhani kimekufa, akakipuliza. Kilikuwa hai. Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba maporomoko ya mto Tshopo yalisikika kutoka kule chini, na watu waliokuwa wameishi hapo maisha yao yote walitazamana, kana kwamba mto umehamia pale leo. Philomène alikuwa akitabasamu bila kufungua midomo. Papa Hubert alikuwa amefumba macho.

"Citoyen Likunde," mjumbe alirudia. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo.

Likunde hakuutazama umati. Alimtazama Nyota. Hakukunja uso, hakuashiria kitu. Alimtazama tu jinsi mtu anavyotazama saa.

Nyota alifikiria mgongo wa Augustin. Alifikiria jinsi anavyoketi mtumbwini, goti moja juu, na jinsi anavyolala kwa ubavu kwa sababu ya maumivu ya kiuno. Aliuma meno. Alihesabu pumzi moja, ya pili. Ya tatu ilitoka na sauti ndani yake.

"Mikono iko wapi?"

"Ni hapa!" ulijibu uwanja.

Ilitokea haraka kuliko mtu kufikiri. Ngoma iliingia yenyewe, na mikono mia tatu ikachomoka kwapani, tatu, mbili, tatu. Mama mmoja alipiga huku akisema "apana, apana." Hubert alipiga macho yakiwa bado yamefumbwa. Kule jukwaani Mwalimu Waziri, aliyekuwa akiwapanga watoto kwa wimbo ule kila asubuhi kwa miaka kadhaa, alipiga mara mbili kabla hajaikamata mikono yake na kuibana katikati ya magoti. Philomène alipiga mpaka mwisho. Kisha aliitazama mikono yake, juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu kisicho chake.

Karani aliandika. Mjumbe alipangusa shingo. "Kiti ni kimoja, na Mapendano imekijaza. Chama kinawashukuru." Jina la pili halikusomwa.

Watu waliondoka polepole. Philomène alipita mbele ya Nyota akasimama.

"Alikupa nini?"

"Filo..."

"Apana, niambie. Nataka kujua bei yetu."

"Alisema atamutoa Augustin."

Philomène alifuta viganja vyake kwenye kitambaa. Uso wake uliteremka, hasira haikupata pa kukaa. "Kimbia basi," alisema mwishowe. "Muulize leo. Kesho hatakujua."

Likunde alikuwa nyuma ya jukwaa, amezungukwa na mikono ya kushikwa. Alimpokea Nyota kwa mikono miwili.

"Mama, sauti yako ni mali ya taifa."

"Augustin, Citoyen."

"Bila shaka. Sikusahau." Alishusha sauti. "Tatizo ni hili. Asubuhi nilikuwa mtu wa soko, ningeweza kumwomba rafiki. Sasa mimi ni mtu wa baraza, na mtu wa baraza haombi, anaandika. Na ili niandike lazima niapishwe. Tunaapishwa Alhamisi. Donc, njoo Alhamisi."

"Lori inaenda Jumatatu."

"Nitaona." Alikuwa akimtazama mtu mwingine tayari, juu ya bega lake. "Barabara nayo ni ya taifa, mama."

Alifika kwenye buloko saa sita, kitambaa chake kimelowa mgongoni. Uani lori lilikuwa limeegeshwa, limefunguliwa nyuma, na mtu mmoja alikuwa akirushia ndani majembe, moja moja, bila haraka. Mlinzi alimwashiria aende ukutani, kwenye tundu la hewa. Leo hakuomba samaki.

"Augustin."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti yake, kavu lakini yenye furaha. Hakuwa amemsikia na furaha kama ile tangu wamkamate.

"Nyota. Tulikusikia."

Alishika ukuta.

"Redio yangu. Kipaza sauti ilikuwa inanguruma tu, jina hatukusikia, lakini ulipouliza mikono iko wapi, ilifika mpaka hapa. Na sisi tulipiga. Bote, humu ndani. Kuna papa mumoja wa Isangi, mukono moja ilikatwa, alipiga ku paja. Mlinzi alituambia tunyamaze, tukazidi." Alikohoa, akacheka ndani ya kikohozi. "Tukasema, basi, mwalimu amepita. Nyota hawezi kuimba vile kwa mutu mwingine."

Nyuma yake wanaume wengine walikuwa wakisema kitu. Kisha walinyamaza, na Nyota akajua kwamba wamesogea wote hadi ukutani kumsikiliza.

"Ni mwalimu njo amepita, eh?" Augustin aliuliza. "Atafungua kitabu?"

Jembe lilianguka juu ya majembe mengine. Mlinzi alikuwa akimtazama, akingoja kusikia atasema nini, wala usoni mwake hamkuwa na dhihaka.

"Atafungua," Nyota alisema, kwa sauti ya uwanjani, ili hata yule aliyekaa mbali kabisa kule gizani asikie. "Atasoma mwenyewe, mbele ya batu bote, na jina yako itakuwa ya kwanza. Nakuahidi, Augustin. Nakuahidi."