Vichumba Vitatu vya Sanduku la Masumbuko

Udadisi wa Suhaila haukuanza na sanduku la uvuvi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kulifumua koti la mteja mpaka bitana, ili tu ajue mabega yamesimamishwa na nini, kisha akalishona upya kabla mwenyewe hajalifuata. Kwao Tanga, shangazi zake walikuwa wakimficha saa za ukutani. Basi mwezi wa tisa wa mwaka 2021, lokdauni ikiwa imeibana Sydney ya magharibi na lile duka la kushona la Granville alikofanya kazi likiwa limefungwa, alipomkuta mumewe kwenye gereji ya nyumbani amekaa juu ya ndoo, ameinamia sanduku la plastiki lililo wazi huku mikono ipo kichwani, hakuweza kupita kimya.

"Baba Alya," alimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa Perth, "hilo sanduku si la Masumbuko?"

Haidar akanywea. Ni dereva wa vifurushi, mtu wa maneno mengi, mtu anayeweza kumsimulia mgonjwa mkasa mzima wa foleni mpaka mgonjwa apone kwa kuchoka. Lakini tangu mwezi wa nne Suhaila alimwona anavyomkwepa jirani yao. Gari analiegesha mtaa wa pili. Akisikia kikohozi upande wa pili wa uzio, anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ndani.

Na huyo Masumbuko si mtu wa kukwepwa. Ni Mkongo wa Uvira, aliyefiwa na mkewe, anafanya kazi kwenye ghala moja kule St Marys, na nyumba yake na yao hapo Toongabbie zimetenganishwa na uzio wa mbao unaofika kifuani. Mamake Haidar alipofariki Tanga na mipaka ya Australia imefungwa, asitoke mtu wala asiingie, Masumbuko alileta kiti chake akakaa upande wake wa uzio, jioni baada ya jioni, huku Haidar akilia upande wa pili. Katika mji wote huu Haidar ana watu wengi wa kusalimiana nao. Rafiki anaye mmoja.

Asubuhi ile ile Masumbuko alikuwa amemwita Suhaila pale uzioni. Alimwambia kwamba Oktoba watu watafunguliwa, maji yanapata joto, na yeye anataka kwenda kuvua bass. Huyo ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, mdomo mpana, hasira za kizee, anayerukia kila kinachopita mbele yake. "Mama Suhaila, mwambie mutu wangu anirudishie ile sanduku," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, akaangalia chini. Suhaila aliliona jicho lile likishuka, akaliweka akiba.

Sasa Haidar akatapika yote. Mwezi wa nne aliliazima sanduku, akaenda peke yake ziwa la Parramatta akajifunze kabla hajaaibika mbele ya mwenye fani. Akateleza kwenye mawe ya ukingoni. Sanduku likaanguka, likafunguka, chambo bandia zikatawanyika huku na huku. Akaziokota moja moja, nyingine kwenye maji ya magotini. Alipofika nyumbani akaona safu ya juu ina vichumba vitatu vitupu. Badala ya kusema, akamwambia Masumbuko kwamba sanduku limebaki Granville kwa binamu yake. Mtu mzima, na ndevu zake. Kisha lokdauni ikaja, na uongo ukapata pa kujificha.

"Zilikuwa za namna gani hizo zilizopotea?" Suhaila aliuliza.

"Moja nadhani ilikuwa ya kijani."

Suhaila akalivuta sanduku kwake. Miezi mitano mtu anaomboleza kitu, na rangi yake haijui.

Lakini kurudisha sanduku lenye mapengo, hilo kwake halikuwa na mjadala. Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Masumbuko mwenyewe alifundishwa hapo hapo uzioni: bakuli la kwanza la biriani lilipomfikia, alilirudisha limeoshwa linang'aa na ndani hamna kitu, Suhaila akacheka, akamweleza. Tangu siku hiyo bakuli halikurudi tena bila sombe, yaani kisamvu cha kwao, au maharage, au hata ndizi mbili za kuiva. Sasa iwe zamu yake yeye kurudisha chombo kimepungua? Afadhali angejifunika shuka asionekane.

Akalibeba sanduku mpaka kwenye meza ya cherehani, akaanza kulisoma. Alivyozoea kopo lake la vifungo, alijua kwamba mtu mwenye mpangilio huacha akili yake ndani ya vyumba. Safu ya chini ilikuwa na vizito: vichwa vya risasi vya kuzamisha ndoana na minyoo laini ya mpira inayonuka vibaya. Safu ya kati ilikuwa na visamaki vya plastiki vyenye kiulimi kidevuni, na vingine vyenye vibati vya kuzunguka. Safu ya juu walibaki wawili tu, chura wa mpira na kipanya chenye mkia wa kamba, wepesi wote. Akavipima kimoja kimoja kiganjani, kisha akatabasamu peke yake. Masumbuko alikuwa amelipanga ziwa lenyewe humo ndani, la chini chini na la juu juu. Kwa hiyo vilivyopotea vilikuwa vya kutembea usoni mwa maji, na hapo pa kuanzia palipatikana.

Sokoni sasa, yaani kwenye simu. Mamia ya chambo, kila moja na picha yake. Usinicheke, wala usimcheke yeye, maana alianza kuchagua kama anayechagua kanga. Akapenda moja ya zambarau yenye kumetameta, akapenda nyingine yenye madoa ya dhahabu, akazitia kapuni. Kisha akajiuliza: samaki anaiona kutoka wapi? Akalala chali sakafuni sebuleni, akakinyanyua kifungo chekundu kuelekea taa ya dari. Kikawa cheusi. Akajaribu cha njano, kikawa cheusi. Cha fedha, cheusi. Haidar alimkuta amelala hapo na vifungo vimemzunguka, akamuuliza kama anaumwa, akaambiwa anyamaze.

Akazitoa kapuni zile za kumetameta. Aliye chini haoni urembo wa mgongoni, anaona umbo na kusikia kishindo. Basi akatafuta maumbo. Alisoma kwamba joto likianza nyenze wa huku hujaa mitini wakipiga kelele, na wakianguka majini bass huwa anawangojea. Akachukua nyenze mwenye mabawa ya plastiki. Akachukua na kingine chenye mdomo uliobonyea, ambacho ukikivuta kinatema maji kama mtoto anayesukutua. Cha tatu kilimtesa. Alihangaika kati ya mdudu nondo na kijiti, nondo na kijiti, mpaka chai ikapoa. Mwishowe akachukua kijiti, kile kinachoyumba kulia na kushoto, kwa sababu sandukuni hakukuwa na kitu chenye mwendo huo. Hakuwa na hakika nacho, na kutokuwa na hakika kulimkera kuliko bei yake.

Kifurushi kilipofika hakungoja. Alijaza maji hodhi la kuogea, akapiga magoti, akamweka nyenze majini. Nyenze akatandaza mabawa akakaa. Chenye mdomo kikakaa. Kijiti kikasimama mkia chini, kichwa nje, kama anayechungulia. Suhaila alifurahi kweli kweli, peke yake bafuni na mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akavizamisha kwa kidole. Vikaibuka. Akavizamisha tena, vikaibuka tena, na safari hii furaha ikamwishia. Akawaleta chura na kipanya wa Masumbuko, nao wakaelea.

Akamwita mumewe.

"Siku ile ulipoanguka, ziwani kulikuwa na upepo?"

Haidar akasema hapana, maji yalikuwa yametulia tuli, hata jani halikutikisika.

"Ukakaa muda gani ukiokota?"

Akasema mpaka baridi ilipomshinda, alichungulia kila mahali.

"Tazama basi." Akavizamisha vyote kwa kiganja, akaachia. Vitano vikapanda juu pamoja. "Vya safu ya juu havizami. Kama vingeanguka, vingekukalia mbele ya macho."

Haidar aliyatazama maji. Mabega yake, yaliyokuwa yamejikunja tangu mwezi wa nne, Suhaila aliyaona yakishuka. "Havikuwemo," alisema polepole. "Sikuvipoteza. Havikuwemo tangu mwanzo." Akacheka kidogo kama mtu aliyeponea. Kisha kicheko kikakatika, uso ukabadilika, na hapo ndipo Suhaila alipoingiwa na hofu.

Maana sasa ilikuwa zamu ya hasira. Kwa hiyo Masumbuko alimpa sanduku, akavichomoa vile vya maana akaficha. Kwa hiyo yeye Haidar anachukuliwa kama mwizi, au mtoto wa kupewa masalio. Miezi mitano hajalala vizuri, kumbe mwenzake ana mkono wa birika. Anakwenda uzioni sasa hivi, amwambie ukweli wake usoni.

Suhaila alikiona kile kiti cha upande wa pili wa uzio kikiondoka moja kwa moja. Alisimama mlangoni pa bafu, akaujaza.

"Ulipomwazimisha Masumbuko drili yako," alisema, "zile biti mpya za kutobolea chuma ulizitia wapi?"

Haidar akakiokota kijiti majini, akaanza kukikung'uta.

"Ulimpa zile butu, nilikuona. Nzuri ziko kwenye kopo la maziwa, nyuma ya rangi. Alikuwa mwizi?"

Haidar akakaa ukingoni mwa hodhi, akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, sasa wafanye nini. Alitaka wamtilie tu hizi mpya waishe maneno. Suhaila akakataa. Masumbuko akimkuta nyenze mpya mle ndani atajua kwamba wamenunua kufidia alichoficha mwenyewe, na uso wake hataweza kuunyanyua tena mbele yao. Mtu kama yule anasitiriwa. Vichumba vilikuwa vitupu, basi, navyo vitajazwa kama chombo chochote cha jirani.

Akapika kashata za nazi, akazikata ndogo ndogo, akazifunga kwa karatasi ya plastiki, akazipanga katika vichumba vitatu vya juu. Zilienea kama zimepimiwa. Ila kulipeleka alikataa. Alilitia mikononi mwa mumewe, akamfuata kwa nyuma.

Masumbuko alilipokea sanduku, akaliweka juu ya pipa la taka, akalifungua. Alitazama zile kashata. Barakoa ilikuwa imemshuka kidevuni na hakuipandisha.

"Haiko kitu kilipotea?" aliuliza.

"Hakuna kilichopotea, ndugu yangu," Haidar alisema. "Nisamehe tu kwa kukawia nalo."

Masumbuko akalifunga, akaitikia kwa kichwa, akaingia kwake. Hivyo tu. Jioni nzima Haidar alizunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga, akisema wameharibu, yule ameelewa vibaya, hatamwona tena. Suhaila naye aliogopa hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi sauti ikawaita. Sanduku lilikuwa juu ya uzio, Masumbuko amelishikilia lisianguke. Suhaila ndiye aliyelifungua, mkono wake humtangulia siku zote. Katika kichumba cha kwanza kulikuwa na nyenze, mzee, bawa moja limevunjika. Cha pili, kile chenye mdomo wa kutema. Alikuwa amepatia viwili. Katika cha tatu kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa dukani popote: kisamaki cha bluu kilichochongwa kwa kisu kutoka kwenye soli ya kandambili, kimefungwa ndoana kwa uzi, na tumboni bado kuna mabaki ya vijistari vya soli.

"Hizi mbili, choyo tu," Masumbuko alisema. Alikuwa akimwangalia Haidar moja kwa moja. "Hii ya bluu ni kitu ingine. Niliichonga mu kandambili yenye nilivaa siku nilitoka mu kambi ya wakimbizi. Bibi yangu, ule nilioa, alininunulia. Hakufika huku. Niliogopa itapotea mu maji."

Haidar alisema hawezi kuichukua. Akaisukuma nyuma.

"Mama Suhaila alinifundisha kurudisha chombo," Masumbuko akasema. "Ikae kwako. Oktoba utakuja nayo."

Haidar aligeuka akaingia gereji bila kuaga. Walisikia makopo ya rangi yakigongana. Alirudi na kopo la maziwa, macho mekundu, akalinyoosha juu ya uzio na biti zote za chuma ndani. "Na mimi nilikuficha," alisema. Masumbuko alichungulia mle kopo, akalitikisa kidogo, akaanza kucheka, na kicheko kikawa kirefu mpaka akajifuta macho kwa barakoa.

Suhaila alikuwa ameshatoweka. Alirudi na beseni la kufulia, maji yanamwagika magotini pake, akalitua juu ya kiti karibu na uzio. Aliomba ruhusa, kwa adabu yote, kuiona ile ya bluu majini. Masumbuko akaitoa mwenyewe, akainama juu ya mbao, akaiweka. Ilizama kidogo upande wa kichwa, ikajiinua, ikalala ubavu, ikaelea. Walikaa wakiitazama, wawili huku na mmoja kule, mpaka maji yalipotulia.