Wanja wa Kalinzi

Jiwe aliniletea Samson, tulimaliza naye fomu foo. Baba yake alilikuta huko Kalinzi akichimba shimo la choo. Kipande kidogo tu, cha kijivu, kinang'aa.

"Haya pima, profesa," akanicheka.

Mi nikajifanya najua. Msumari ukalikwaruza kirahisi. Nikalisugua nyuma ya kigae, likaacha mstari mweusi. Dada yangu Shadia alikuwa barazani na kichanga chake Mwanvua, bado siku tatu wamtoe arobaini.

"Hilo si jiwe la wanja wa manga hilo?"

"Ndo lenyewe, dada."

Nilijibu kabla sijawaza. Akalitwanga hapohapo, akachekecha kwa mtandio. Eti wa dukani ni masizi matupu. Tangu siku hiyo anampaka mtoto asubuhi na jioni, mashoga zake wa Buzebazeba wanamsifia macho.

Wiki mbili zimepita. Leo mchana Samson kaja na jingine, la shimo lilelile, kama ngumi. Nikalipokea kwa mkono mmoja, likaniponyoka, nusura linivunje kidole cha mguu. Jiwe la ukubwa ule haliwi zito hivyo.

"Lipige nyundo," nikamwambia.

Wanja wa manga mwalimu alishatuonyesha, unapasuka virefurefu kama sindano. Hili likamwagika viboksi. Vidogo, pembe zimenyooka kama kuna mtu kavikata kwa rula.

"Oya, ni nini hii?"

"Hii ni risasi, Samson. Madini ya risasi. Sumu hii."

Nikaingia ndani mbio. Shadia alikuwa anamlazimisha mtoto ziwa, mtoto anageuza uso. Tangu juzi anatapika, na bibi kasema ni mchango wa tumbo, kamchemshia majani.

"Dada, mfute macho huyo!"

"Toka hapa. Wivu tu."

"Ni sumu! Nilikosea!"

Akanitazama. Mwanvua kajitia ngumi mdomoni, anainyonya, na ile ngumi ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kucha.

"Si ulisema umepima wewe?"

Nikatoka mbio. Nikachota vile viboksi nikatia kwenye mfuko wa nailoni, daktari avione. Samson akawasha pikipiki, tukapakizana. Njia nzima Shadia anatemea mate ncha ya kanga, anafuta, anafuta. Wanja hautoki. Unasambaa tu mashavuni, na mtoto wala halii.